Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuandika riwaya

Maswali haya nimeulizwa kwa miaka mingi na watu wanaoandika riwaya au wanaotaka kuanza. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana, mengine kwa kirefu, mengine kwa sentensi chache. Nilikuwa msomaji wa miswada ya wengine kabla sijawa mwandishi, na hilo limeniachia upendeleo ambao ni vizuri uujue mapema: sioni kama waandishi wengi wanakosa kipaji. Wanakosa mswada uliomalizwa, na wachache walioumaliza hawajauandika tena.

Nina wazo zuri sana la riwaya. Nianzie wapi?

"Riwaya kuhusu usaliti" bado ni mada tu. Tafuta mtu mmoja, mpe kitu anachokitaka hadi akose usingizi, kisha umwekee kizuizi kisichoondoka kwa kuombwa. Tuseme mwanamke amegundua nani aliyesaini hati iliyompokonya kaka yake shamba, na aliyesaini ni mumewe. Sasa neno usaliti huna haja ya kulitaja tena. Maswali yanakuja yenyewe: amejuaje? Atanyamaza hadi lini? Mumewe anajua kwamba amejua? Yaandike kwenye daftari, na yakifika kama 20 unaweza kuanza.

Usianze na historia ya ukoo wake wala na mawio ya jua. Anza siku ile ambayo kunyamaza kumekuwa kugumu. (Miswada ya kwanza ninayopewa, mingi mno, huanza na mtu akiamka asubuhi. Wangu nao ulianza hivyo, na saa ya kengele juu yake.)

Nipange kila kitu kwanza, au niandike tu nione nitafika wapi?

Wapo wanaochora ramani ya kila sura, na wapo wanaomfuata mhusika gizani wakiwa na kibatari. Kila upande umetoa riwaya nzuri na mbovu. Gharama ni ile ile, ila anayepanga huilipa mwanzoni na asiyepanga huilipa wakati wa kuandika upya. Mimi hujua mwisho na tukio moja la katikati, basi.

Riwaya iwe na maneno mangapi?

Hakuna sheria. Tuzo za Nebula za Marekani, zinazohusu hadithi za kubuni za kisayansi na za kifantasia, huhesabu kazi kuwa riwaya kuanzia maneno 40,000. Kati ya 17,500 na 39,999 ni novela. Ila ukisoma vipimo vya lugha nyingine, kumbuka kwamba Kiswahili hubana. "Hatukumwambia" ni neno moja kwetu, na kwa Kiingereza ni matano. Mswada wako ukionekana mfupi kwenye hesabu ya kompyuta, usikimbilie kuurefusha.

Sina muda. Nafanya kazi, nina familia.

Anthony Trollope alikuwa mfanyakazi wa posta ya Uingereza. Saa 11:30 alfajiri alikuwa mezani, saa yake ya mfukoni mbele yake, na lengo la maneno 250 kwa kila robo saa. Aliacha riwaya 47. Toni Morrison aliandika riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1970, huku akifanya kazi ya uhariri na kulea watoto wawili wa kiume. Alizoea kuandika kabla ya mapambazuko. Siwataji ili ujione mvivu. Kasi ya Trollope ingenilaza hospitalini. Ninachokitazama kwao ni kwamba muda wao ulikuwa mdogo lakini ulikuwa na mahali pake katika siku, kama ilivyo kwa usingizi.

Piga hesabu: maneno 400 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni maneno 2,000. Baada ya wiki 40 una 80,000. Na ukifika mwisho wa muda wako, acha ukiwa bado unaijua sentensi inayofuata. Kesho hutakaa ukikodolea macho ukurasa mweupe.

Nitumie nafsi ya kwanza au ya tatu?

Jiulize kwanza nani anajua nini, na amekijua lini. Nafsi ya kwanza inakupa sauti bila kuitafuta sana, lakini inakufungia mlango, kwa kuwa anayesema "mimi" hawezi kusimulia chumba ambacho hakuwamo. Msimulizi maizi huingia kila chumba na kila kichwa. Hatari yake ni kwamba msomaji akishaona unajua yote, atataka kujua kwa nini unamficha muuaji.

Katikati kuna nafsi ya tatu inayoshikamana na mtu mmoja, na hapa Kiswahili kina utamu wake. Huna haja ya kuandika "Alijiuliza ni nani aliyeileta barua ile." Andika: "Barua ilikuwa mezani. Kwani nani ameileta?" Swali ni la mhusika, lakini hakuna aliyetangaza kwamba sasa tunaingia kichwani mwake. Lile "kwani" moja limetosha kutuingiza.

Mtego nao upo. Kiambishi chetu a- hakitenganishi mwanamume na mwanamke. "Alimwambia kwamba amemwona akitoka." Nani kamwambia nani, na nani alikuwa akitoka? Barazani tungeelewana kwa macho na kwa kidole. Kwenye ukurasa itabidi jina lirudi, au uhusiano, au "yule mkubwa". Waandishi wachanga huogopa kurudia jina, wakaishia na "mwanadada huyo", "binti yule" na "mrembo wetu" ndani ya aya moja, hadi msomaji akadhani chumbani kuna wanawake watatu. Rudia jina. Kwa upande wa pili, ukitaka kuficha jinsia ya mtu kwa sura tatu nzima, lugha hii inakuruhusu bila hila yoyote.

Nisimulie kwa -li-, kwa -na- au kwa -ka-?

Kiambishi -li- huliweka tukio mahali pake, na -ka- hulisukuma lingine mbele. "Alifungua mlango, akaingia, akaketi, akavua viatu." Hiyo ndiyo injini ya masimulizi yetu tangu enzi za hadithi za mdomo, na kwa sababu inawaka yenyewe, wengi huiacha ikimbie. Soma ukurasa wako kwa sauti ukihesabu -ka-. Zikifuatana 6 au 7, umeandika orodha. Ivunje kwa -ki- ("aliketi akivua viatu"), au kwa sentensi isiyo na kitenzi, au anza upya na -li-. Tumia pia -me- kwa kinachoonekana muda huo huo: "Aliingia. Dirisha limevunjwa." Hapo msomaji analiona dirisha pamoja naye. Ukiandika "dirisha lilivunjwa", amesikia taarifa tu.

Kwa -na- unaweza kuandika kurasa chache zenye mapigo ya haraka. Riwaya nzima ya -na- inawezekana, lakini sababu yake iwe ndani ya hadithi, isiwe kwamba umeona wengine wakifanya.

Lakini kosa kubwa la -ka- halisikiki hata ukisoma kwa sauti. -ka- husema "kisha". Haisemi "kwa hiyo". Unaweza kuandika sura 10 za akaenda, akarudi, akakutana, bila kugundua kwamba hakuna tukio hata moja lililozaa jingine. Nitalirudia hili kwenye swali la kukwama.

Mazungumzo yangu yanasikika kama ya kuigiza. Kwa nini?

Mara nyingi ni kwa sababu watu wako wanajibu walichoulizwa, kama wako mbele ya hakimu. Watu halisi hujibu swali ambalo wangependa kuulizwa, au huuliza jingine, au hujishughulisha na kitu mikononi. Mrudie yule mwanamke na kaka yake:

"Ile hati umewahi kuiona?" kaka yake aliuliza.

"Leo utakula hapa?"

Hajajibu, na kaka mwenye akili ameshajibiwa.

Sababu ya pili ni kutumia mazungumzo kumpa msomaji taarifa. "Kama ujuavyo, baba yetu alifariki miaka 10 iliyopita na kutuachia shamba lile." Hakuna anayemweleza ndugu yake habari za kifo cha baba yao. Msimulizi aseme kwa sentensi moja, au taarifa ije wakati wa ugomvi, pale mtu anaposema jambo linalojulikana kwa kusudi la kuumiza.

Sababu ya tatu ni salamu. Nimesoma miswada ambamo kila mkutano wa wahusika unafunguliwa na hujambo, sijambo, habari za nyumbani, nzuri, za siku nyingi. Kata. Salamu ibaki pale inapobeba kitu: aliyezoea kuitikia kwa bashasha, leo ameitikia kwa kichwa.

Kisha kuna sauti. Ukiona wahusika wote wanasema sanifu iliyonyooka, wote ni wewe. Wengine hutibu hili kwa kumwagia simo za vijana kila mstari, na baada ya miaka mitano hakuna anayezielewa. Maneno mawili matatu yanatosha. Tofauti kubwa ya sauti iko kwenye urefu wa sentensi, kwenye nani hukatiza mwenzake na nani humalizia na swali, na kwenye kile mtu anachokiita kitu. Mume anasema "lile suala". Kaka anasema "shamba langu".

Wahusika wangu wote wanafanana. Nifanyeje?

Shuleni tulifundishwa mhusika bapa (wa sifa moja, asiyebadilika) na mhusika duara (mwenye pande nyingi), tukatoka tukiamini kwamba bapa ni dosari. Mgawanyo huo ulienezwa na mwandishi Mwingereza E. M. Forster katika mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1927, na yeye hakuwadharau bapa hata kidogo: aliona kwamba wanatambulika mara wanapoingia na wanakumbukwa kirahisi. Kipimo chake cha duara kilikuwa uwezo wa kutushangaza bila kutufanya tukatae kuamini.

Kwa hiyo usijichoshe kumpa kila mlinzi wa geti utoto wenye majeraha. Chagua wawili au watatu wa kuwazungusha. Kwa hao, achana na fomu za rangi anayoipenda na chakula anachokipenda. Sijawahi kuona sura iliyookolewa na rangi. Andika uongo anaojiambia. Mume wetu hajioni msaliti. Anaamini alisaini ili kuiokoa familia na deni, na ana hoja ya kweli. Ukishaiamini hoja yake wewe mwenyewe, ataacha kufanana na wengine.

Nimekwama katikati. Mwanzo ninao, mwisho ninaujua.

Miswada mingi hufia hapa, sura ya 9 au ya 10. Utaiona dalili mwandishi anapoingiza ajali ya gari, safari, au mjomba ambaye hakuwahi kutajwa.

Andika kila sura kwa sentensi moja kwenye kadi. Zipange mezani, kisha kati ya kadi na kadi jaribu kuweka "kwa hiyo" au "lakini". Panapokubali "kisha" peke yake pana ufa. Aristotle aliliona hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: jambo kutokea baada ya jingine na jambo kutokea kwa sababu ya jingine ni vitu viwili mbalimbali. Na -ka- yetu, kwa upole wake, huvifunika vyote kwa shuka moja.

Ufa wenyewe kwa kawaida hauko pale ulipokwama. Rudi sura mbili tatu nyuma, utamkuta mhusika amepata kitu bila kukilipia. Mwanamke wetu aliulizwa kuhusu hati, akauliza habari za chakula, na mambo yakaishia hapo. Rahisi mno. Mfanye adanganye waziwazi: "Sijawahi kuiona." Na uongo huo uwe na shahidi, mtoto aliyesimama mlangoni, ambaye wiki iliyopita alimwona akiisoma. Sasa ana watu wawili wa kuwaogopa, na sura inayofuata ina kazi ya kufanya.

Ni lazima "nionyeshe" badala ya "kueleza"?

Ni ushauri mzuri uliogeuzwa amri. Mahali ambapo mtu anaamua, onyesha: badala ya "alikuwa na wasiwasi", mwache akunje kitambaa, akikunjue, akikunje tena. Mahali ambapo muda unapita, eleza. "Miaka miwili ilipita na hati haikutajwa" ni sentensi nzuri, na kurasa 30 za kuonyesha miaka hiyo zingekuwa adhabu.

Nitumie methali na misamiati mizito?

Methali ikitoka kinywani mwa mhusika anayeitumia kukwepa jambo, inafanya kazi. Ikitoka kwa msimulizi mwishoni mwa sura, imemwambia msomaji alichopaswa kukiona mwenyewe. Kuhusu misamiati, jiulize kama mtu uliyeshikamana naye angelijua neno hilo.

Naweza kuandika kuhusu ndugu zangu?

Unaweza, lakini kubadili jina peke yake hakumfichi mtu. Kama wanaomjua watamtambua, ametambulika, na kesi ya kashfa haijali kwamba juu ya jalada uliandika "hadithi ya kubuni". Chukua hisia, ubadilishe tukio. Mara nyingi hadithi inapona pia, maana wakati wa kuandika umeacha kubishana na shangazi.

Niandike upya mara ngapi?

Ernest Hemingway alisema katika mahojiano ya mwaka 1958 kwamba ukurasa wa mwisho wa riwaya yake iliyotoka mwaka 1929 aliuandika upya mara 39. Sikupi hiyo kuwa kipimo. Ninachosema ni kwamba rasimu ya kwanza inakuonyesha riwaya inahusu nini, na ndipo unapoweza kuiandika.

Iweke kando wiki 6. Ukiirudia, isome yote bila kugusa sentensi hata moja. Hakuna maana ya kunyoosha koma za sura utakayoifuta. Andika pembeni tu: hapa nimechoka, hapa simwamini, hapa nilitaka zaidi. Mzunguko wa pili ni wa matukio, yaani lipi litoke, lipi lihamie mbele, nani aunganishwe na nani. Wahusika wawili wenye kazi moja wawe mmoja. Mzunguko wa tatu ndio wa sentensi, na huo ni wa kusoma kwa kupaza sauti. Gustave Flaubert alizijaribu zake hivyo chumbani mwake, na pumzi ikikatika mahali pabaya sikio linajua.

Katika mzunguko huo wa mwisho, winda sentensi zilizozaliwa katika lugha nyingine. "Mwisho wa siku" wakati mhusika hazungumzii jioni. "Alikuwa ni mtu ambaye alikuwa na" wakati "alikuwa na" ingetosha. Tunasoma tafsiri nyingi na habari nyingi za haraka, na zinatuingia bila hodi.

Mswada wangu wa pili ulikuwa na kurasa 60 za mwanzo ambazo rafiki mmoja aliziita barabara ya kuendea riwaya. Nilinuna wiki nzima. Kisha nikazitoa zote, na hadi leo hakuna msomaji aliyeuliza zilikokwenda.

Nimpe nani asome?

Watu watatu, wasiokupenda sana. Usiwaulize kama ni nzuri. Waulize waliiweka chini wapi, na nani walimchanganya na nani. Wakikwambia hapa pana tatizo, waamini. Wakikwambia namna ya kulitatua, washukuru tu. Wote watatu wakitaja ukurasa mmoja, acha kujitetea.

Nikituma mswada, wazo langu litaibwa?

Mawazo hayalindwi na hakimiliki popote. Kinacholindwa ni namna ulivyoliandika. Chini ya Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, kazi yako inalindwa tangu unapoiandika, bila sharti la kuisajili, na kwa kiwango cha chini ulinzi huo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Hofia zaidi mkataba usiousoma. Mchapishaji wa kawaida hukulipa mrabaha kwa nakala zinazouzwa. Anayekutaka wewe umlipe ni mtoa huduma, na hilo si kosa ilimradi ujue unanunua nini.

Nimekataliwa, na umri unakwenda.

Abdulrazak Gurnah alizaliwa mwaka 1948. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, akiwa na miaka 38, na Nobel ilimfikia mwaka 2021. Penelope Fitzgerald wa Uingereza alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1977 akiwa na miaka 60, na miaka miwili baadaye akapata tuzo ya Booker. Barua ya kukataliwa isiyo na maelezo haina cha kukufundisha, usiichambue. Yenye sentensi hata moja ya sababu, ihifadhi. Mtu alichukua muda wake.

Nimeshatuma. Nifanye nini ninaposubiri?

Andika tarehe uliyotuma. Usiwatumie "toleo lililoboreshwa kidogo" wiki inayofuata. Kisha anza riwaya ya pili, hata kwa aya moja. Mimi humtafuta mhusika mdogo wa riwaya iliyokwisha ambaye sikumpa nafasi, nikamuuliza alichokuwa anakifanya wakati sikuwa namtazama. Yule mtoto wa mlangoni, kwa mfano. Kwa nini alisimama pale muda wote ule, na alikuwa amemkimbia nani?